Miaka 9 nimesindikiza puto Seronera kwa gari, mwezi uliopita nimepanda mwenyewe. Mnaotaka kupanda mara ya kwanza njooni hapa

DerevaWaVumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni dereva wa watalii, makazi Arusha, Serengeti naingia na kutoka kama mtu anayekwenda sokoni. Kwa miaka 9 kazi yangu kwenye haya mambo ya puto la hewa moto imekuwa moja: kuwaamsha wageni usiku wa manane, kuwafikisha uwanjani, kuwaambia "msiwe na wasiwasi, ni kama lifti tu", halafu kulifuata puto kwa gari na kuwasubiri chini ya mgunga wanakoandaliwa chai. Ndani ya kile kikapu sikuwahi kukanyaga. Hiyo ya lifti nilijitungia.

Mwezi uliopita nilikuwa na mzee mmoja na mkewe. Usiku wa kuamkia siku ya puto mama akashikwa na tumbo, hakulala. Kiti kimeshalipiwa, na kwa saa ile pesa hairudi. Saa kumi alfajiri mzee akanikuta pale mapokezi na tochi yangu mkononi, akasema twende wewe. Nikasita kidogo kwa adabu. Kidogo sana.

Sasa niwasimulie kama ilivyokuwa, maana nimegundua mengi niliyokuwa nawaambia wageni hayakuwa sawa.

Kwanza ile safari ya gizani nayo ni sehemu ya raha, usiilale. Hifadhini magari hayatembei usiku, ya puto yana kibali chake. Kwa hiyo nusu saa ile mnaona Serengeti ambayo mgeni wa kawaida haioni: fisi anarudi zamu, bweha barabarani, sungura mwitu anakimbia mbele ya taa na hajui kukata kona.

Uwanjani mnapewa chai, mnajaza fomu, na kila mtu anatajwa kwa kilo zake, maana rubani anawapanga ili kikapu kisilalie upande mmoja. Mimi nikasomwa 91 mbele ya wageni wangu. Nikaambiwa kati, pande zile za rubani. Sawa.

Puto lenyewe likiwa chini, limelala, ndipo unaona ukubwa wake. Wanaanza kulijaza hewa ya kawaida kwa feni kubwa za injini, kitambaa kinajikunjua kwenye nyasi zenye umande mpaka unaweza kuchungulia mdomoni ukaona ukumbi mzima mle ndani, kama kanisa lililoangushwa ubavu. Kisha rubani anawasha jiko. Wakuu, ule mlio! Moto unatoka kama wa mhunzi, urefu wake mara mbili ya mtu, na ukimya wa porini unakatika vipande.

Kuingia sasa. Kikapu bado kimelala ubavu, kwa hiyo na wewe unaingia umelala chali, mgongo chini, magoti juu, umeshika kamba, unaangalia mbingu. Kama mtoto anayebadilishwa nepi. Pembeni yangu mzee wa miaka 70 anacheka mpaka anakohoa. Jiko linaunguruma, puto linainuka taratibu, kikapu kinafuata, na ghafla mmesimama wima wote, mnaangaliana.

Kuondoka sikukujua. Nilikuwa nasubiri ule mvuto wa tumboni wa lifti. Haukuja. Nilichoona ni kofia ya kijana aliyekuwa ameshika kikapu. Nikaiona kwa juu, halafu nikaona na kofia za wenzake wote, halafu gari langu, dogo. Basi, tumeshaenda.

Na hakuna upepo. Hili ndilo liliniduwaza kuliko yote. Mnakwenda na upepo, kwa hiyo hauwapigi. Mzee akauliza "mbona tumesimama?" Rubani akamwonyesha chini: nyasi zilikuwa zinapita.

Jiko likizimwa mnasikia kila kitu. Tetere. Kiboko anakoroma mtoni. Mtu akikohoa huko kambini utadhani yuko kikapuni. Kisha rubani anafungua tena sekunde chache, kelele, joto la utosini, kimya tena. Saa nzima inakwenda hivyo.

Wanyama: nilikuwa nawaambia wageni "mtawaona kwa karibu". Si kweli, au si kweli sana. Kwa gari nawasogeza kwa simba mpaka wanamsikia anavyotafuna. Puto haligeuki kwa ajili ya simba. Tuliona viboko, twiga, tembo wawili kwa mbali, nyamera wamesimama juu ya vichuguu vyao, na ngiri aliyekimbia mkia juu kama antena. Kuna walioinua vichwa, kuna waliokimbia jiko lilipowaka. Ila nilichokiona ambacho gari halitanionyesha hata nikiendesha miaka 30 mingine ni ardhi yenyewe. Njia za viboko, kutoka mtoni kwenda malishoni, zimechorwa kama mishipa mkononi. Ile mikindu ya mto Seronera inafuata maji kona kwa kona. Na juu ya mgunga mmoja, kule kileleni ambako kutoka chini unaona miba tu, kiota cha tumbusi, na kifaranga ndani, kimoja, kijivu, kinatutazama. Huo mgunga nimepita chini yake pengine mara 200. Nimewahi hata kubadilisha tairi kwenye kivuli chake.

Jua lilipotoka nyuma yetu, kivuli cha puto kikatutangulia kwenye nyasi, kinapanda vichuguu na kushuka.

Kutua nitaacha wanaojua zaidi waje, mimi nilifumba macho. Tuligonga, tukaruka, tukagonga, tukaburuzwa, kikapu kikalala ubavu na sisi ndani, chali tena. Watu wanacheka na wanalia kwa pamoja. Kisha mnatoka kwa kutambaa, mnapewa glasi, mnapelekwa mezani.

Ulizeni.

Kipepeo_wa_Kibaha

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Picha mkuu?

DerevaWaVumbi

Simu ilikuwa mfukoni ndani ya koti, koti limefungwa zipu mpaka shingoni. Nilipiga picha 3, zote ni za kisogo cha mzee.

Mkulima_wa_Mpunga

Tuambie bei acha mashairi.

DerevaWaVumbi

Serengeti hesabu dola 500 hadi 600 kwa kichwa, inategemea kampuni na msimu, na uulize kama tozo za hifadhi zimo au ziko nje. Kwa shilingi ni milioni moja na laki kadhaa. Ndani yake kuna usafiri wa asubuhi, kuruka kama saa moja, na kifungua kinywa porini.

Mkulima_wa_Mpunga

Saa moja! Hapo mimi nanunua ng'ombe, nikimchoka namuuza. Puto ukilichoka?

DerevaWaVumbi

Sikubishii mkuu. Kwa pesa yangu nisingepanda mwaka huu. Ila kuna wageni walioweka akiba miaka kwa ajili ya asubuhi hiyo moja, nao nisingewaambia wanunue ng'ombe.

Mshika_Kamba

Nimefanya kazi ya ardhini kwenye maputo miaka kadhaa, sasa nipo kwenye shughuli nyingine. Mleta uzi umesimulia vizuri lakini pale kwenye kutua umewaacha watu na hofu bure, ngoja nipasawazishe.

Puto halina usukani. Rubani anachoweza ni kupanda na kushuka, na upepo wa chini na wa juu mara nyingi hauelekei sehemu moja, kwa hiyo anachagua ngazi ya upepo kama wewe unavyochagua daladala. Ndiyo maana alfajiri kabla ya kujaza puto utaona anaachia kiputo kidogo chenye taa na kukitazama mpaka kinapotea. Anasoma njia. Upepo wa ardhini ukikaribia kilomita 20 kwa saa, marubani wengi wanafunga kazi, chai inanywewa na watu wanarudi hotelini.

Kutua kuna aina mbili. Asubuhi imetulia, kikapu kinakaa wima kama sufuria mezani, na watu wanalalamika kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi yenye upepo kidogo, kikapu kinaburuzwa na kulala. Hiyo ya pili si ajali. Imepangwa, ndiyo maana mlifundishwa mkao kabla ya kuondoka. Unakaa chini kwenye kile kibenchi au unachuchumaa, mgongo umeelekea kunakokwenda kikapu, kichwa kimeegama, mikono miwili kwenye kamba za ndani, magoti yamekunjwa. Kamera ndani ya koti. Rubani akikaribia chini anavuta kamba nyekundu: kule kileleni puto lina tundu kubwa lililozibwa na kitambaa mfano wa mwavuli, akilivuta hewa moto inatoka na puto linanywea.

Kosa kubwa la mgeni ni moja, kutoa mkono nje ajizuie. Pili ni kusimama aone.

La tatu ndilo tulilokuwa tunalipigia kelele kuliko yote: USITOKE KIKAPUNI MPAKA UAMBIWE. Kikapu kimetua, kimetulia, wewe una kilo 80, unaruka nje kwa furaha. Puto limepunguziwa kilo 80 ghafla. Wenzako wanaanza kupanda tena bila wewe.

Binti_Makorongoni

Mimi nina woga wa urefu. Ghorofa ya tatu tu nashika ukuta. Nisiseme uongo, picha za puto nazipenda.

DerevaWaVumbi

Dada, kwenye hilo sina jibu la kitaalamu, nakupa langu. Mimi mnara wa simu siwezi kupanda hata nilipwe. Kule juu tumbo halikucheza. Nadhani ni kwa sababu hakuna kitu kinachokuunganisha na chini, hakuna ukuta wa kuufuata kwa macho mpaka kwenye lami. Ukingo wa kikapu unakufika kifuani. Dakika 5 za mwanzo nilimtazama rubani tu, baadaye nikajikuta nimeegemea.

Mshika_Kamba

Ni kweli wengi husema hivyo. Lakini nimewahi kumwona mtu mzima akikaa chini ndani ya kikapu saa nzima, akaona rotani tu ya kikapu. Rubani hawezi kukurudisha ulikotoka, upepo haurudi nyuma. Kwa hiyo amua ukiwa uwanjani. Kughairi pale si aibu.

TichaWaFizikia

Naona kila mtu anasema "hewa moto inapanda" kama vile hilo limejieleza. Niruhusuni dakika.

Mita moja ya ujazo ya hewa kwenye usawa wa bahari ina kilo 1.2 hivi. Ipashe moto mpaka nyuzi 100, inatanuka, na kinachobaki ndani ya mita ile ile ni kama gramu 950. Puto zima linaishi kwa tofauti hiyo ya robo kilo. Seronera ipo juu, mita 1,500 hivi, hewa yenyewe imeshapungua, kwa hiyo tofauti inakuwa ndogo zaidi kidogo. Sasa puto la abiria 16 lina hewa mita za ujazo 10,000 na zaidi. Zidisha. Unapata tani mbili na ushei za kuinua: abiria na rubani, kikapu, kitambaa, majiko na mitungi ya gesi.

Ndiyo maana ni kubwa kiasi kile, na ndiyo maana wanaruka alfajiri. Hewa ya nje ikiwa baridi, tofauti inakuwa kubwa bila kuchoma gesi nyingi. Jua likishapanda, ardhi inapashika, hewa inaanza kuchemka kwa mafungu, mafungu hayo yanakurusha juu na kukuangusha. Tai wanayapenda. Puto haliyapendi.

Kitambaa ni nailoni, joto likizidi kinaharibika. Kwa hiyo rubani ana kipimo cha joto la kileleni na anakitazama kama dereva anavyotazama joto la injini kwenye mlima.

Kipepeo_wa_Kibaha

Ticha ungenifundisha wewe nisingepata F.

Wanjiku_wa_Mjini

Hamjambo majirani. Mimi nilipanda Maasai Mara, Kenya, mwaka juzi, harusi ya dadangu ilituacha na pesa ya zawadi tukaamua hivyo. Kwetu hii biashara ni ya zamani, tangu 1976.

Nina jambo la wanawake ambalo hakuna mtu aliniambia. Nilikuwa nimesuka nywele za bandia, mpya, zinafika kiunoni. Ule moto uko juu ya kichwa chako kabisa. Hauchomi, lakini joto linakaa utosini kila rubani anapofungua, na mimi saa nzima nilikuwa nafikiria nywele. Beba leso au kofia ya kitambaa, funga nywele, zikunje ndani ya koti. Watu warefu zaidi, nyinyi msikose kofia.

Halafu suruali. Msichana mmoja alikuja na gauni jeupe la picha. Kupanda kikapu chetu ilikuwa kukanyaga vitundu vya pembeni na kurusha mguu, mbele ya watu wazima. Viatu vya kufunika, kwa sababu mnashukia kwenye majani yaliyo na umande na miiba, pale puto lilipoamua. Na nguo za kuvua: saa kumi na moja unatetemeka, juu jiko linakupasha, saa tatu jua linakukaanga.

Na hakuna choo huko juu. Nilikunywa chai vikombe viwili uwanjani kwa sababu ilikuwa ya bure. Sitasema zaidi.

DerevaWaVumbi

Hahaha, wageni wangu wote nawaambia kikombe kimoja. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nawaambia sawasawa.

Mzee_wa_Tahadhari

Mnacheka. Februari 2013, Luxor, Misri. Puto lilishika moto. Watu 21 ndani, 19 wakafa. Hilo hamlisemi.

Mshika_Kamba

Linasemwa, mzee wangu, na kila aliyefanya kazi hii analijua. Lilikuwa linatua, bomba la gesi likavuja, moto ukashika. Rubani na abiria mmoja walitoka likiwa bado karibu na ardhi, wakapona. Uzito ukapungua, moto unaendelea kupasha, puto likapanda na waliobaki.

Sasa mtu wa kawaida afanye nini na habari hiyo? Uliza kabla ya kulipa. Kampuni ina leseni ya mamlaka ya anga ya nchi? Rubani ana leseni ya puto za abiria? Wameshawahi kuahirisha kwa sababu ya hali ya hewa? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Akikujibu "sisi hatuahirishi", tafuta mwingine. Na asubuhi mkiwa uwanjani, tazama wale vijana wa chini. Wanaofanya kazi kimya, kila mmoja na kamba yake, hao wako sawa. Mahali penye kelele na kukimbizana mimi nisingepanda.

Mzee_wa_Tahadhari

Hapo umejibu kiume. Nashukuru.

Msomi_Ankara

Nami nichangie, nasoma Uturuki. Huku mji wa puto ni Göreme, Kapadokia. Bei inapanda na kushuka kama ya nyanya, wakati wa baridi na wageni wachache niliipata kwa chini ya nusu ya hiyo ya Serengeti.

Tofauti ni kwamba huku huruki peke yako. Asubuhi nzuri kuna maputo zaidi ya 100 hewani, yaani unayahesabu mpaka unachoka, mengine yako chini yako, unaona vipara vyake. Mnashuka kwenye mabonde katikati ya minara ya mawe mpaka unadhani utaligusa jiwe, kisha jiko, mnapanda. Ruhusa inatolewa na mamlaka ya anga kila alfajiri, kwa rangi kama za taa za barabarani. Nyekundu, hakuna anayeruka, hata uwe nani. Sisi tuliamshwa saa kumi usiku siku mbili mfululizo, baridi chini ya sifuri, tukaambiwa nyekundu. Siku ya tatu kijani. Kwa hiyo ushauri wangu, usiweke puto siku yako ya mwisho ya safari. Liweke mwanzoni, likiahirishwa una kesho.

Jambo jingine la kuchekesha, pale marubani wengi walitutua juu ya tela la gari. Tela lenyewe! Vijana wanakimbia, wanavuta, kikapu kinakaa juu ya tela wima. Nilipiga makofi.

Mshika_Kamba

Hilo la kuliweka mwanzoni liandikwe kwa wino mwekundu. Tela nalo ni ufundi, ila linataka barabara. Porini huwezi kulifukuzia puto kwenye korongo.

Mtu_wa_Ngambo

Assalaam alaykum. Mnazungumza Mara 1976, mie nakurudisheni nyuma zaidi, maana watu wanadhani maputo yameletwa na hoteli.

1962 Mwingereza Anthony Smith alirusha puto kutoka hapa kwetu Unguja kwenda bara, kavuka bahari. Puto lake liliitwa Jambo. Si la moto lile, lilijazwa haidrojeni, kwa hiyo hakuna jiko, hakuna moto, na akitaka kupanda anamwaga mchanga. Wakafika mpaka Ngorongoro na Serengeti. Katika wale waliokuwa naye alikuwamo kijana mpiga picha wa wanyama kutoka Kenya, Alan Root. Huyo Root hakupona ugonjwa ule. 1974 yeye na mkewe Joan walipita juu ya Kilimanjaro kwa puto la hewa moto, na biashara ya Mara ya miaka miwili baadaye ni yeye huyo huyo.

Babu yangu alikuwa akisema watu walitoka kwenda kutazama. Mie sikuwako, nasema alivyosema.

TichaWaFizikia

Ahsante sana. Na kama mnajiuliza kuhusu zile glasi za shampeni wanazopewa wageni wakitua, rubani atawaambia ni desturi ya Ufaransa, na chanzo chake kinasimuliwa kwa namna nyingi. Kilichoandikwa vizuri ni kwamba Septemba 1783 ndugu wawili Wafaransa, akina Montgolfier, waliobuni puto la hewa moto, walirusha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme kule Versailles, na Novemba 21 mwaka huo huo wakaruka watu wawili juu ya Paris kama dakika 25. Kabla ya hapo, Agosti, puto la haidrojeni lisilo na mtu lilikuwa limeanguka kijiji cha Gonesse, wanakijiji wakalivamia kwa zana za shamba wakidhani ni dubwana.

Mkulima_wa_Mpunga

Kumbe abiria wa kwanza kondoo. Na hakulipa dola 600.

Binti_wa_Kibosho

Jamani mimi nina swali la kweli. Mama yangu ana miaka 68, ndoto yake ni hii, tumechanga watoto wote wanne. Ana presha anayotumia dawa na magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa kupumzika. Anaweza?

Mshika_Kamba

Dada, umri si tatizo, nimewashika mkono wazee wa miaka 80. Swali ni magoti. Mjaribu nyumbani leo: apande stuli, ashuke. Kisha achuchumae, au akae kwenye kitu kifupi sana huku amekunja magoti, dakika 5, ameshika kitu kwa mikono miwili. Akiweza bila kusaidiwa, zungumza na daktari wake kuhusu presha, halafu iambie kampuni ukweli wote kabla ya kulipa. Akishindwa, msimlazimishe. Sekunde 30 za kutua ndizo zitakazoamua. Mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye mgongo mbovu hatupakii. Mjamzito hatupakii. Mtoto mdogo wengi hawachukui chini ya miaka 7, na urefu wake nao unatazamwa, asiyeweza kuona juu ya ukingo ataona nini?

DerevaWaVumbi

Naongezea. Kama hataweza, asikose asubuhi yote. Gari la kusindikiza nalo lina utamu wake. Unakwenda chini, puto lipo juu, unalifuata kwa barabara zinazopinda huku lenyewe linanyoosha, unalipoteza nyuma ya miamba, linatokea upande usioutegemea. Miaka 9 sikuchoka.

Binti_wa_Kibosho

Asanteni sana. Nampelekea simu asome mwenyewe.

Wanjiku_wa_Mjini

Tuambie atakachosema, tafadhali. Tumeshampenda.

Kipepeo_wa_Kibaha

Wakati tunamsubiri mama: msimu upi bora?

DerevaWaVumbi

Seronera wanaruka karibu mwaka mzima. Kusini, pande za Ndutu, ni kama Desemba mwishoni mpaka Machi nyumbu wakiwa wanazaa. Kaskazini, Kogatende, kuanzia Julai mpaka Oktoba. Masika ndiyo wakati wa kuahirishwa sana, ila nyasi za kijani ukiziona kutoka juu utasamehe. Puto zipo pia Tarangire na Ruaha, huko sijasindikiza, siwezi kuzisemea.

Binti_wa_Kibosho

Nimerudi. Mama amesoma uzi wote na miwani, mpaka ule wa kondoo. Stuli amepanda. Kuchuchumaa ameshindwa dakika ya pili, akacheka, akasema magoti yameshapiga kura.

Amesema pesa tuliyochanga mdogo wetu wa mwisho ndiye apande, yeye atakaa kwenye gari la kusindikiza. Ila ana swali kwa dereva: ile chai ya chini ya mgunga wanampa na asiyepanda?

DerevaWaVumbi

Shikamoo yake. Mwambie meza ile wasiopanda wanalipia, na si rahisi. Lakini mimi huwa sikai mezani. Nafungua mlango wa nyuma wa gari, nina chupa yangu ya chai ya tangawizi, vikombe viwili vya bati, na mandazi anayoyapika mke wangu ninapoondoka Arusha. Mandazi siku ya tatu yanakuwa magumu kidogo. Anachovya.